Jokić namba tatu? Hapana, kaka

Kaka, kwenye orodha yako ya wachezaji bora wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kuelekea msimu wa 2025/26, umemweka Nikola Jokić wa Denver Nuggets namba tatu, nyuma ya Shai Gilgeous-Alexander na Luka Dončić. Umemwonea kabisa. Msimu wa 2024/25 alimaliza kwa wastani wa pointi 29.6, ribaundi (kudaka mipira iliyokosa kikapu) 12.7 na asisti (pasi za kufunga) 10.2 kwa mechi. Kabla yake ni Oscar Robertson na Russell Westbrook tu waliowahi kufikisha tarakimu mbili katika vyote vitatu kwa msimu mzima, na hao walikuwa gadi, wachezaji wa kuongoza mpira. Huyu ni senta, mtu mrefu wa chini ya kikapu! Akienda benchi kupumzika, Denver inageuka timu nyingine.

Shai simpingi: mfungaji bora wa ligi, MVP (mchezaji bora wa msimu), MVP wa fainali na ubingwa, vyote msimu huo mmoja. Ila kumbuka timu yake, Thunder, iliwatoa Nuggets kwenye mchujo kwa mechi 7, tena Thunder wakiwa na kikosi kipana zaidi.

Luka ni fundi, lakini kwenye kukaba bado. Mimi naanza na Jokić, Shai, Giannis Antetokounmpo, ndipo Luka. Victor Wembanyama wa tano, hadi nimwone akimaliza msimu. Damu iliyoganda begani ilimweka nje tangu Februari 2025.