Jibu: Viwavi wa mchungwa wanakufa kabla sijamaliza kuwachora

Salaam dada. Kwa hiyo viwavi unaowatoa kwenye michungwa ya huko Muheza wanafia chupani, na mchoro wako wa maisha ya kipepeo umekwama katikati.

Angalia majani kwanza. Yamepuliziwa dawa? Yamenyauka? Mimi huweka tawi bichi la mti uleule kila asubuhi, ndani ya boksi lililofunikwa kwa kipande cha chandarua, mbali na jua. Chupa iliyofungwa hujaa unyevu na kinyesi, kisha ukungu.

Na huo mchungwa uchore pia. Maria Sibylla Merian, mchoraji wa wadudu na mimea aliyezaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1647, alianza kufuga viwavi wa hariri akiwa na miaka 13. Mwaka 1699 alisafiri na binti yake Dorothea hadi Suriname, Amerika Kusini. Kitabu chake cha 1705 kina kurasa 60 za picha, na nyingi zinaonyesha hatua za mdudu pamoja na mmea. Nampenda sana kwa hilo, maana alichora alichokifuga mwenyewe.

Kiwavi wako akiwa mdogo hufanana na kinyesi cha ndege, akikua huwa kijani. Mchore kila anapojivua ngozi, usingoje. Akishaacha kula na kujifunga kwenye kijiti, usimguse.