Fyuzi hailindi friji yako, inalinda waya

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota HiAce ya dizeli. Nimeng'oa viti vya nyuma nikaweka kitanda na kabati, na tumeshalala ndani yake Lushoto na Pangani, mimi, mke wangu na watoto 2. Sasa nataka kuiboresha: friji ya lita 40, betri ya pili ya lithiamu ya ampea-saa 100, paneli ya sola ya wati 200 juu ya paa, na inveta ya wati 3000 ili mama watoto apikie jiko la umeme. Fundi mmoja ameniambia betri mbili anaziunga moja kwa moja, waya wa nyumbani wa 2.5 unatosha, na fyuzi tusiweke kwa sababu zinakatika-katika na kusumbua safarini. Bei yake ni nusu ya wengine. Nianze na kipi, na kipi niache? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Friji, betri ya pili na sola ni maboresho ya maana. Inveta ya 3000, hicho kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, iache. Na huyo fundi mwache pia, hata akikufanyia bure.

Naanza na la fyuzi, kwa sababu haipiti wiki sijaambiwa kwamba fyuzi inasumbua. Watu wengi, na mafundi wengi wa kuokoteza, wanaamini fyuzi imewekwa kulinda kifaa: friji isiungue, redio isiungue. Kwa hiyo mtu akiwa na friji nzuri yenye ulinzi wake ndani, anaona fyuzi ya nini tena. Sivyo. Fyuzi inalinda waya. Waya ndio unaopita chini ya zulia, nyuma ya mbao za kabati lako, chini ya godoro wanalolalia wanao. Kifaa kikiharibika utanunua kingine. Waya ukishika moto, unashika moto urefu wake wote kwa wakati mmoja, na ulipopita huwezi kufika kwa mkono.

Tupige hesabu kwa huo waya wa 2.5 alioutaja, yaani wa milimita za mraba 2.5. Umetengenezwa kubeba ampea 20 hivi. Urefu wa mita 5 kutoka mbele hadi nyuma ya HiAce una ukinzani wa kama omu 0.035 tu. Siku sehemu yake moja ikichubuka na kugusa bodi, volti 13 zitasukuma zaidi ya ampea 300 ndani ya waya wa ampea 20. Betri haina huruma wala haijui kusita. Itatoa chote ilicho nacho. Plastiki inaanza kutoa moshi kabla hujamaliza kujiuliza harufu inatoka wapi. Fyuzi ya shilingi elfu chache ingekata papo hapo.

Na waya utachubuka. Gari siyo nyumba. Ukitoka lami na kuingia barabara ya changarawe yenye mawimbi, kila kitu kinatetemeka kwa saa nzima. Waya uliopitishwa kwenye tundu la bati bila mpira unasagwa kidogo kidogo kama msumeno unavyokata mti. Waya wa nyumbani ni mbaya zaidi hapo: nyuzi zake ni chache na nene, au ni mmoja tu mgumu, na ukitikiswa sana unakatikia ndani huku nje unaonekana mzima. Waya wa gari una nyuzi nyembamba nyingi ili ujipinde bila kuvunjika.

Nililetewa Toyota Noah ikivutwa kwa kamba, ya familia iliyokuwa ikirudi kutoka kupiga kambi. Walitoka wote salama, namshukuru Mungu. Nilipofunua zulia, plastiki ya waya ilikuwa imeyeyuka ikaganda kwenye bati kama nta ya mshumaa, mstari mweusi mmoja kutoka kwenye betri hadi kiti cha tatu, na kiti hicho kimeungua sponji kikabaki springi tupu. Kishikio cha fyuzi kilikuwepo. Ndani yake, badala ya fyuzi, mtu alikuwa amekunja karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Mwenye gari aliniambia fundi wake alimfanyia hivyo kama hisani, kwa sababu fyuzi ilikuwa inakatika mara mbili kwa wiki. Ile fyuzi ilikuwa inamwambia kila mara kwamba kuna mahali waya unagusa bati. Ilipigwa kelele inyamaze, ikanyamaza.

Kwa hiyo fyuzi ikikatika mara ya pili mahali palepale, usiweke kubwa zaidi na usiiruke. Tafuta waya unaoliwa. Na ukubwa wa fyuzi hupimwa kwa unene wa waya. Ukiupima kwa ukubwa wa friji umekosea tangu mwanzo.

Tuje kwenye kuunga betri mbili moja kwa moja. Hapa vishoka wanapenda sana kwa sababu ni kazi ya dakika 20. Kwa waya wa 2.5, tatizo la kwanza ni kwamba betri yako ya nyuma itajaa polepole mno. Ukipitisha ampea 25 kwenye mita 5 kwenda na 5 kurudi, unapoteza volti 1.75 njiani. Alteneta, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka, inatoa volti 14.2, kule nyuma zinafika 12 na kitu. Lithiamu inahitaji zaidi ya 14 ili ijae. Utarudi kwake ukilalamika, naye atabadilisha waya aweke mnene kama wa stata. Sasa unaingia kwenye tatizo la pili: betri ya lithiamu haibishi umeme unapokuja. Ya asidi, ile ya kawaida ya gari, ikianza kujaa inapunguza yenyewe, lakini lithiamu inavuta kila ilichopewa hadi dakika za mwisho. Alteneta inafanya kazi kwa nguvu zake zote, na ukiwa kwenye foleni injini ikizunguka taratibu, feni yake haipozi vya kutosha. Wanaleta gari wakisema alteneta ni feki. Alteneta haikuwa na kosa.

Dawa yake ni chaja ya DC-DC ya ampea 20 au 25, inayokaa katikati ya betri mbili. Inachukua kiasi ilichopangiwa tu, inapandisha volti hadi zile ambazo lithiamu inataka, na ukizima injini inatenganisha betri, hivyo friji haiwezi kukuachia gari lisilowaka asubuhi. Saa 4 barabarani kwa ampea 25 ni ampea-saa 100. Ukifika Lushoto betri imejaa. Waya wake uwe wa milimita za mraba 16, na fyuzi ya ampea 40 ziwe mbili: moja karibu na betri ya mbele na nyingine karibu na ya nyuma, isizidi shibiri moja kutoka kwenye teminali. Mafundi wengi wanaweka moja tu mbele. Betri ya nyuma nayo ni chanzo cha umeme. Waya ukigusa bodi katikati, fyuzi ya mbele itakata, na betri ya nyuma itaendelea kuchoma kutoka upande wake.

Hiki ndicho kitu cha kwanza cha kununua: waya, fyuzi na chaja. Najua hakipendezi, huwezi kumwonyesha mtu. Lakini friji nzuri kwenye waya mbovu itakuwa inazima usiku kila compresa inapotaka kuwaka, nawe utadhani umeuziwa friji mbovu.

Friji yenyewe, chukua ya compresa ya volti 12, siyo zile za bei rahisi zinazopoza kwa kibati bila compresa, maana hizo zinakula umeme mfululizo na kwenye joto la Pangani hazigandishi kitu. Ya compresa ya lita 40 huvuta kama ampea 4 ikiwa inazunguka, kisha inapumzika. Kwa siku nzima weka ampea-saa 30 hadi 45, kutegemea jua na watoto wanaifungua mara ngapi. Paneli yako ya wati 200, ikipata jua zuri la saa 5 na ukitoa hasara ya joto na vumbi, itakurudishia kama 50. Kwa hiyo umepiga hesabu vizuri, na hapo nakupongeza. Julai mawingu yanapotanda Kilimanjaro wiki nzima usiitegemee sola peke yake; ndiyo maana nimetanguliza chaja ya alteneta. Kidhibiti cha sola kiwe kinachokubali kupangwa kwa lithiamu, na waya wa paneli nao uwe na fyuzi yake upande wa betri.

Inveta ya 3000 na jiko la umeme. Mwanangu, betri ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1280 hivi. Jiko la wati 1500 litaimaliza kwa chini ya saa 1. Maharage hayajaiva. Na inveta ikitoa wati 3000 kamili itadai zaidi ya ampea 250 kutoka kwenye betri ambayo kinga yake ya ndani mara nyingi inaruhusu 100 tu. Itakata umeme na mtabaki gizani, friji pia. Nunua mtungi wa gesi wa kilo 6, upikie nje. Nje kabisa, mlango umefungwa nyuma yenu. Wala msiingize jiko la mkaa ndani kupasha joto usiku wa Lushoto, hata likibaki vijinga viwili. Hewa ile haina harufu na inaua watu usingizini. Kwa kuchaji kompyuta na simu, inveta ya wati 300 au 600 inatosha. Ifungwe karibu na betri, waya usifike mita 1.

Sasa hilo la bei nusu, ambalo silizungumzii kwako peke yako. Kazi ya umeme wa gari haiwezi kuwa nusu bei bila kitu kutolewa, na mara nyingi kinachotolewa ni shaba. Kuna waya unauzwa madukani umeandikwa 16, mwekundu, unang'aa, unene wote ni plastiki. Kuna mwingine una nyuzi za alumini zilizopakwa shaba juu. Chukua kisu, kwangua uzi mmoja: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, ukiona weupe, ni alumini. Hiyo hupitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba, na kwenye viungo inalegea na kupata joto. Mkwangulie fundi mbele yake. Mwenye shaba hatakasirika.

Betri nazo ni hivyohivyo. Betri halisi ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 10 hadi 13 hivi. Ukiuziwa ya kilo 5 yenye maandishi makubwa, ndani kuna seli chache au seli za kompyuta kuukuu zilizofungwa kwa tepu. Beba mzani wa sokoni, pima kabla hujalipa. Inveta zinaandikwa wati 3000 huku waya zilizotoka nazo kiwandani ni nyembamba kama kamba ya kiatu; waya huo ndio unaokwambia ukweli kuliko maandishi.

Kisha kuna viungo. Kusokota nyaya mbili kwa vidole na kuzungusha tepu nyeusi ni kazi ya kishoka. Jua la mchana ndani ya gari linayeyusha gundi ya tepu, inateleza, waya unabaki uchi. Teminali zibanwe kwa koleo lake maalumu, zivalishwe plastiki inayosinyaa kwa joto. Akikwambia nyundo inatosha kubana teminali, muage.

Springi ngumu, hema la juu na taa za paa sikuandikii leo. Ukishafunga betri, maji na friji, pitisha gari kwenye mzani likiwa limejaa watu, na ulinganishe na uzito ulioandikwa kwenye kibati cha gari. Springi ngumu zinainua gari. Breki na matairi yanabaki yaleyale. Mwambie pia mtu wa bima yako ulichobadilisha, kabla ya safari. Na ule mtungi wa kuzimia moto ambao trafiki huuliza, usiuweke chini ya kitanda. Ufunge mlangoni, mahali mke wako anaufikia akiwa amelala.

Fundi akimaliza, usimlipe kwanza. Washa injini, washa friji, chomeka chaja zote kwenye inveta, kaeni mnywe chai nusu saa. Kisha pitisha kiganja kwenye kila teminali na kila kishikio cha fyuzi, kimoja baada ya kingine. Ni volti 12, hazitakurusha, ila vua pete na saa ya chuma kwanza. Vyote viwe vya uvuguvugu uleule. Ukikuta kimoja kina joto kuliko wenzake, hapo pamelegea. Akifungue na kukifunga upya mbele yako.