Ruta mbili, kampuni mbili

SWALI: Shikamoo fundi. Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma mjini. Waifai haifiki chumba cha nyuma, nikanunua ruta ya pili, ya kampuni nyingine. Kutwa nzima zimegoma kuungana bila waya. Nimetupa hela?

JIBU: Marahaba. Hujatupa. Mfumo wa ruta kurushiana mawimbi kampuni nyingi huutengeneza kivyake, ndiyo maana hazisikilizani. Waya hauna ubaguzi huo. Kwanza ingia kwenye mipangilio ya ruta ya pili: kama anwani ya ruta ya kwanza ni 192.168.1.1, hii ipe 192.168.1.2, kisha zima DHCP, yaani kazi ya kugawia vifaa anwani. Usisahau hapo! Mimi nilisahau kwenye gesti moja Ujiji. Ruta zote mbili zikawa zinagawa anwani, wageni wakakosa mtandao, nikaamshwa saa nane usiku. Halafu vuta waya, usizidi mita 100, toka tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la ruta moja hadi LAN la nyingine, si WAN (la kuingizia intaneti). Jina na nywila viwe vilevile; chaneli ya ruta moja iwe 1, ya nyingine 6 au 11.

Siku ukinunua nyingine mbili, tafuta zote zilizoandikwa EasyMesh kwenye boksi, mfumo wa pamoja wa ruta za kampuni tofauti kuungana bila waya.