Maswali Yenu: Jioni mashine inampinda mama miguu

SWALI: Shikamooni. Kaka alituletea Xbox 360 (mashine ya michezo ya video) ya mtumba na Kinect yake (kamera inayofuata mwili wa mchezaji) kutoka Marekani ili mama, miaka 72, afanye mazoezi ndani. Magoti yanamsumbua na baridi ya hapa Uyole, Mbeya, haimwachii kutembea. Asubuhi, akiwa na gauni, inamfuata vizuri. Saa kumi jioni, akishajifunga kitenge, yule mtu wa kwenye skrini anapinda miguu ovyo. Imeharibika?

JIBU: Marahaba. Nzima kabisa, ila ina maadui wawili kwa mpigo. Kinect humwaga vidoa vya mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na kupima umbali kwa jinsi vinavyotua mwilini. Jua lina mwanga huohuo kwa wingi, hivyo likipenya dirishani vidoa humezwa. Shusheni pazia zito. Kitenge nacho huunganisha miguu miwili ikawa nguzo moja, mashine ikabaki kubahatisha magoti yalipo. Suruali ya mazoezi ndiyo dawa. Akiikataa msigombane naye, chagueni michezo ya mikono.

Kinect ikae juu ya meza imara, sentimita 60 hadi 180 kutoka sakafuni, na mama asimame kama mita mbili mbele yake. Kiti cha kushikia kiwe ubavuni. Kikiwa mbele kinaficha miguu. Kisiwe cha magurudumu wala kigoda cha jikoni. Ondoeni zulia dogo, maana juu ya saruji iliyopigwa polishi huteleza kama sabuni. Avae raba zenye soli bapa, si soksi tupu.

Zoezi la maana kuliko michezo yote ni kuinuka kitini. Kiti kiegemee ukuta, nyayo zirudi kidogo nyuma ya magoti, kifua kiiname mbele, kisha ainuke na kushuka polepole. Mara tano, apumzike, tano tena, siku tatu kwa wiki. Wengi hukosea kwenye kushuka: hujibwaga, na goti ndipo linapoumia. Mashine haioni kosa hilo, inahesabu tu, kwa hiyo mmoja wenu awe karibu. Akipata kizunguzungu au maumivu ya kifua, aache papo hapo na aonwe na daktari.

Na kwa kuwa mashine imetoka Marekani, angalieni umeme: kama kibonge cha umeme kimeandikwa 100-127V, msikichomeke moja kwa moja ukutani, kitaungua. Tumieni transfoma ya kushusha volti 230 kwenda 110, ya wati 300 au zaidi.