Bafle ya kuongelesha mu nyumba za Lubumbashi: maswali yenu na majibu

Jambo yenu ba mama, ba papa, ba yaya na ba ndugu wote. Ma-bafle za kusikia sauti zimeanza kuonekana sana mu Lubumbashi, zingine zinatoka Dubai, zingine zinapitia Kasumbalesa, zingine ndugu mwenye kuishi Ulaya njo anatuma, na juu kazi yangu ni kuweka umeme mu manyumba, maswali inanifikia bila kukatika. Kwa yule hajaiona bado: ni bafle ndogo, Echo ya Amazon ao Nest ya Google, unaiita na jina yake, unaiambia iwashe taa ao izime ventilatere, nayo inapitisha amri kwa ampuli na prizi zenye kuwa na Wi-Fi. Nimekamata maswali yenye kurudia sana.

Yaya, mama yangu ni muzee, magoti inamuuma, kusimama usiku juu ya kuwasha taa ni shida. Lakini hajui Kifaransa, anaongea Kiswahili tu. Ile bafle itamusikia? (Katuba)

Naanza na hii juu njo inanigusa kupita zote. Kwa Kiswahili, hapana. Alexa, ile sauti yenye kujibu mu Echo, haina Kiswahili, na ma-bafle za Google hazina. Google iliweka Kiswahili mu kuandika kwa sauti ku telefone tangu 2017, ile unafinya mikro ku klavie unaongea inaandika, lakini bafle ni kintu ingine, kule hawajafika. Na ni pole kabisa, juu Kiswahili ni moja ya luga ine za taifa mu Kongo, na mutu mwenye kuhitaji sana kuwasha taa bila kusimama kitandani ni yule yule muzee hakusoma Kifaransa.

Lakini usirudi nyuma, kuko njia. Unaweka bafle mu Kifaransa, kisha unapunguza maneno mama anapashwa kujua. Ya kwanza ni jina ya kuita, unaweza chagua Alexa, Amazon ao Echo, mupe mama ajaribu zote na uache ile ulimi wake unatosha vizuri. Kisha « allume » (washa), kisha « éteins » (zima), kisha jina ya taa, basi. Maneno ine mama anaweza kuyashika mu juma moja kama mujukuu anakaa naye kila jioni. Na jina ya taa njo pale pa kufanya akili, juu wewe njo unaiandika mu programu. Salon na kuizine hazina shida, tunayasema kila siku. Barza ni ingine, bafle ya Kifaransa haijui barza, inaweza kusikia « bazar », sasa wewe hapana kupigana na mashini, fungua programu uangalie ginsi iliandika ile mama alisema, kama iliandika bazar basi ile taa uiite Bazar, mama ataendelea kusema barza yake na taa itawaka. Programu inachungaka maneno yote iliyosikia, pita mule umuangalilie mama maneno yake moja moja, ni kazi ya saa moja hivi na inabadilisha kila kitu.

Na kwa bale bana benye kusoma mambo ya ordinatere pa UNILU, universite ya Lubumbashi, na kwingine, hapa kuko kazi inabangoja. Kuko programu ya bure inaitwa Home Assistant, ilianza mu 2013, unaiweka ku ordinatere ndogo sawa vile Raspberry Pi na inatumikia mule mule mu nyumba bila kutuma kitu inje. Iko na sauti za kusemea zinaitwa Piper, na mu Piper kuko sauti ya Kiswahili, tena imeandikwa kabisa ni Kiswahili ya Kongo! Mule unaweza pia kuandika wewe mwenyewe amri sawa vile « washa taa ya barza ». Kenye kubakia na uzaifu ni kusikia: Whisper ya OpenAI, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ile ilitoka 2022, inajua Kiswahili lakini inakosea mingi, na ku mashini ndogo inakawia. Naomba mutu akamate hii kazi kwa nguvu, juu tukingoja makampuni yaweke Kiswahili, na siku wataweka itakuwa ya Dar es Salaam ao Nairobi, mama wa Katuba atabaki anageuza ulimi.

Kwetu delestaji inaweza kuanza saa kumi na moja ya jioni, umeme unarudi usiku wa manane. Niliweka ampuli za Wi-Fi mu vyumba vyote, sasa umeme ukirudi zote zinawaka zenyewe, batoto wanaamuka wanalia. Nifanye nini? (Ruashi)

Hii inasumbua batu mingi na dawa yake ni mbio. Ampuli nyingi za Wi-Fi zimetengenezwa hivi: zikipata umeme zinawaka, juu kule zilitengenezwa umeme haukatike na walizani mutu amefinya enterupta. Fungua programu ya ampuli, ingia mu mipango ya ile ampuli, tafuta pale panasema hali ya taa kisha umeme kurudi, uchague ibaki sawa vile ilikuwa, ao ibaki imezimika. Fanya kwa kila ampuli, si moja tu. Kama programu yako haina ile nafasi, ile ampuli haifai kwa nyumba ya hapa kwetu, uipeleke ku barza ama ku mulango wa lupango ambapo ikiwaka usiku hakuna mubaya.

Kingine, umeme ukirudi rutere inachukua dakika kazaa mbele ishike mtandao, na bafle nayo inangoja, kwa hiyo ukiongea mara moja itakujibu haiko na intaneti, ngoja kidogo. Kuko batri ndogo za kuchunga rutere, zinatoa volti 9 ao 12, zinaachia Wi-Fi ibaki saa kazaa. Soma tu nyuma ya rutere inaomba volti ngapi. Lakini bafle hapana kuichomeka ku ile batri, iko na chaja yake yenyewe, hiyo iache ku onduleri ya nyumba kama unayo.

Zamu wetu na batoto wanazima taa ku ukuta, kisha bafle inasema haioni taa. Nitoe ma-enterupta? (Bel-Air)

Hapana!! Nasema na nguvu juu nimeona manyumba walifunika enterupta na skoch. Nyumba ni ya wote benye kulala mule, zamu, mugeni, mutoto wa miaka tano, na kila mutu apashwe kuwasha taa na mukono wake bila kuomba ruhusa kwa mashini, na siku intaneti inakatika nyumba nzima isibaki gizani na umeme uko. Enterupta ibaki.

Tatizo yako ni juu ya ampuli: akili iko ndani ya ampuli, mutu akikata umeme ku ukuta akili inakufa nayo. Kwa hiyo toa ampuli za Wi-Fi, rudisha ampuli za kawaida za LED, kisha akili uiweke nyuma ya enterupta, kuko relé, enterupta ndogo yenye kuamuriwa na Wi-Fi, inatosha mu kiganja, inaingia mu boite, enterupta inaendelea kufanya kazi na bafle nayo inafanya kazi, bote babili. Ila angalisho moja: relé nyingi za vile zinaomba fazi (waya yenye kuleta umeme) na netri (waya yenye kuurudisha), na mu manyumba mingi ya hapa, zaidi zile za zamani, mu boite ya enterupta munaingiaka fazi na waya ya kurudi ku ampuli tu, netri haiko. Fundi asivute netri kutoka prizi ya chumba ingine na waya ya kuning'inia. Aweke relé juu, mu boite ya plafoni kwenye netri inapita, kisha ashushe waya za enterupta ku relé. Na dijonkta izimwe kwanza, ata kama fundi anasema amezoea.

Ndugu yangu wa Marekani alinitumia Echo na prizi ine za Wi-Fi. Naweza kuchomeka na adaptatere? (Kalubwe)

Echo ndiyo, prizi hapana. Geuza chaja ya Echo usome maandishi madogo: ukiona 100-240V, adaptatere ya fishi inatosha. Prizi za Wi-Fi za Marekani zenyewe zimeandikwa 120V, sisi tuko na 220, adaptatere inageuza umbo la fishi tu, haigeuze volti. Ukizichomeka zitaungua, na zinaweza kuchoma na kingine. Umwambie asante, kisha umuombe ingine mara atume zile za Ulaya. Na zile za kupitia Zambia angalia fishi, mingi ni ya miguu mitatu ya bapa.

Nataka kusema tu « washa pompe » ijaze tanki. Inawezekana? (Kampemba)

Inawezekana, na kwa nyumba zetu kwenye maji inakuja saa inataka, naona ni kazi nzuri kupita muziki na ampuli za rangi. Lakini pompe si taa. Motere ikianza inakamata ampere mingi kupita ile imeandikwa, na jioni wakati kila mutu anapika volti zinashuka, motere yenye muzigo ikikosa volti inavuta ampere zaidi na inapata moto. Prizi ya Wi-Fi ya ampere 10 itashikana ndani, kisha haitazimika tena ata ukiita Alexa mpaka asubui. Kwa hiyo relé ya Wi-Fi iamuru kontaktere, enterupta kubwa ya kubeba ampere mingi, na kontaktere njo ibebe pompe, pamoja na kinga ya motere ya kukata ikizidi moto.

Na kusimamisha pompe usiachie bafle. Weka flotere mu tanki, ile ya kukata maji ikijaa, na kama ni foraji ongeza ya chini yenye kukata maji ikikosa, juu pompe kuzunguka bila maji inaharibika mbio. Flotere haiombi Wi-Fi, haiombi mega. Bafle inakusaidia kuanza na kuuliza, kusimama ni kazi ya flotere.

Inakula mega ngapi? (Kenya, komini ya hapa Lubumbashi)

Kungoja na kuwasha taa, kidogo sana. Muziki njo unakula: kwa sauti ya kilobiti 160 kwa segonde, saa moja ni karibu mega 72, hesabu mwenyewe siku nzima. Kwa kanisa na rumba tuma muziki wa telefone kwa Bluetooth, haikule kitu. Na kama Wi-Fi yako ni partaji ya telefone, jua kwamba ukitoka na telefone nyumba inabaki kiziwi, tena ampuli nyingi zinataka Wi-Fi ya 2.4 GHz, si ya 5, uibadilishe mu telefone mbele ya kuanza.

Bwana yangu anasema ile kintu inasikiliza siri za nyumba. Ni kweli? (Golf)

Bwana yako hakukosea kuuliza. Mikro inasikiliza saa yote, lakini inangoja jina yake, ikisikia jina njo inatuma maneno ku ma-serveri ya kampuni. Shida ni kwamba inakosea, inasikia jina kwenye hakuna jina. Mu 2019 televisheni VRT ya Ubelgiji ilipata sauti zaidi ya elfu moja za batu wenye kutumia Google, kati yake zingine za batu hata hawakuita bafle, na kuko wafanyakazi walilipwa kuzisikiliza.

Kwa hiyo: usiiweke mu chumba cha kulala (kwa muzee sawa mama wa Katuba ni ingine, yeye anaihitaji pale), wala pale munaongeleaka makuta na mambo ya familia. Kuko buto ya kukata mikro ku bafle yenyewe, ifinye wageni wakifika. Mu programu ingia mu historia ya sauti, futa, na uiambie ifute yenyewe. Na mama, wageni wako wanapashwa kuambiwa kama bafle iko inasikia, ile ni heshima.

Resho na mulango wa lupango je? (Kamalondo)

Resho hapana. Mutu anaweza kuacha chungu ao nguo pale juu, na umeme ukirudi, ao neno likasikiwa vibaya, hakuna mutu wa kuangalia. Mulango wa inje pia hapana, kila mwenye kusimama ku dirisha akilalamika kwa nguvu « ouvre » (fungua) anaweza kuingia.

Taa zangu zilipangwa kuwaka saa kumi na mbili jioni, zinawaka saa moja. Bafle imeharibika? (Makomeno)

Haikuharibika. Uliandika Kinshasa, na Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Ingia mu mipango ya bafle, mu saa ya eneo, chagua Lubumbashi, na kama haimo chagua Lusaka ao Harare, ni saa moja na yetu. Kisha rudilia ile adresi uliyoandika mu programu, juu bale wanapangaka taa ziwake jua likizama, bafle inahesabu jua kufuatana na ile adresi, na kama ile adresi ni ya ndugu wa Liège kule Ubelgiji taa zako zitafuata jua la Liège.