Maneno 1,400, na bado ni Kiswahili

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naandika riwaya kuhusu watu wa kisiwa cha kubuni na nimewatungia lugha. Nina maneno 1,400, mengi nimeyapata kwenye programu ya kuzalisha maneno. Rafiki zangu wanasema bado haisikiki kama lugha ya kweli. Nifikishe maneno mangapi? Mfano: "Doru nevotosa fumi salaki", yaani "Mzee alipiga magoti pwani."
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Usiongeze hata moja.

Nimeiweka sentensi yako juu ya tafsiri yake. "Doru" ni mzee. "Ne-" ni a-, "-vo-" ni -li-, "tosa" ni piga, "fumi" ni magoti, na "sala" umeipachika "-ki" pale pale tunapopachika -ni. Hakuna kilichosogea. Hicho ni Kiswahili kimevaa kanzu ya kuazima. Watoto wa pwani wana mchezo wa kinyume: silabi ya mwisho inakwenda mbele, nyumba inakuwa "mbanyu". Wanafichana siri vizuri tu, ila sijamsikia hata mmoja akidai ametunga lugha.

Halafu, kwa nini watu wako "wapige" magoti? Sisi ndio tunaopiga kila kitu: magoti, pasi, chafya, mswaki, simu. Mkono wetu unaanzia begani unaishia vidoleni. Waingereza huukata kwenye kifundo, kila kipande na jina lake. Wako wanaukatia wapi? Na wakielekezana njia kisiwani, wanasema kulia na kushoto? Kule Hawaii kuna neno la upande wa baharini, "makai", na la upande wa milimani, "mauka", na watu huelekezana kwayo hadi leo. Maswali kama hayo ndiyo kazi yenyewe, na programu yako haikukuuliza hata moja.

Hiyo hesabu ya maneno ndiyo inayonichosha. Kila wiki naulizwa: elfu moja? elfu tano? Toki Pona, lugha ya kutungwa aliyoitoa Sonja Lang mwaka 2001, ina maneno kama 120 tu na watu wanapiga soga kwayo. "Jan" ni mtu, "pona" ni -zuri. "Jan pona" ni rafiki. Pombe ni "telo nasa", kimiminika cha wazimu (hapo nilicheka peke yangu). Zamenhof naye, katika Kiesperanto, lugha aliyoitunga na kuitoa mwaka 1887, alitia kiambishi "mal-" cha kugeuza maana: "bona" ni -zuri, "malbona" ni -baya. Kipande kimoja kikamwondolea mzigo wa mamia ya maneno.

Sasa wamezuka wauzaji wa "lugha kamili kwa siku moja". Unalipa, unaletewa jedwali: kushoto Kiswahili au Kiingereza, kulia vikorokoro. Msiwape hela zenu. Jedwali la namna hiyo haliwezi kuwa na neno ambalo safu ya kushoto haina, na safu ya kushoto ikiwa na upuuzi, unahamia kulia ulivyo. Kijana mmoja aliniletea la kwake, la watu wa mapangoni wasioujua hata moto. Neno la kumi na mbili lilikuwa jokofu.