Programu ya kurekodi sauti: anzia kwenye faili, kitufe kitakuja chenyewe

Ndugu, umeuliza hivi: umemaliza mafunzo ya mwanzo ya Kotlin, lugha ya kuandikia programu za Android, una kompyuta ya kawaida na simu ya Android, unataka kujifunza kutengeneza programu ya kurekodi sauti, na kila video unayofungua inaishia kwenye kitufe chekundu na faili moja iliyohifadhiwa. Unataka kujua baada ya hapo kuna nini.

Nitajibu kwa urefu kwa sababu kazi hii naifanya hapa Nairobi, na nina watu wanaoitegemea. Mmoja ni katibu wa chama kule mtaa wa Umoja. Anarekodi mikutano kisha jioni anasikiliza na kuandika kumbukumbu. Mwingine ni mwanahabari wa redio ya mtaani anayehoji wafanyabiashara sokoni. Hawa hawaulizi skrini ina rangi gani. Wanataka sauti yote iwepo wakifika nyumbani, hata kama simu iliingia, chaji iliisha au mtu alifungua WhatsApp katikati ya mkutano. Ukiweka hilo mbele tangu siku ya kwanza, utajua ujifunze nini na kwa mpangilio gani.

Kitufe chenyewe ni kazi ya alasiri moja. Android ina MediaRecorder, zana iliyo tayari ya kurekodi hadi faili, na shida yake kubwa kwa anayeanza ni mpangilio: chanzo cha sauti kwanza, kisha muundo wa faili, kisha kisimbaji (kinachobana sauti), kisha mahali pa kuhifadhi, ndipo prepare() na start(). Ukiruka hatua unatupiwa kosa la IllegalStateException, na ujumbe wake haukuelezi ni hatua ipi. Ukiita stop() mara tu baada ya start(), kabla sauti yoyote haijaingia, inatupa RuntimeException, kwa hiyo ifunge ndani ya try na ufute ile faili tupu. Ruhusa ya RECORD_AUDIO unaitaja kwenye manifesti, faili inayoitambulisha programu kwa mfumo, na tangu Android 6.0 ya 2015 lazima pia uiombe programu ikiwa inaendelea. Usiombe mara tu mtu anapofungua programu. Omba anapogusa kitufe cha kurekodi, kwa sababu hapo anaelewa kwa nini unaomba. Kuanzia Android 11 mtu akikataa mara mbili mfumo hauulizi tena, na inabidi umwelekeze kwenye mipangilio ya simu.

Sasa fanya jaribio ambalo video hazikuonyeshi. Unganisha simu na waya wa USB, anza kurekodi kwa MediaRecorder kwenda faili ya m4a, zungumza dakika kadhaa, kisha kwenye kompyuta toa amri ya adb shell am force-stop pamoja na jina la kifurushi cha programu yako; inaiua papo hapo. Nenda ukafungue faili. Ipo, ina ukubwa, lakini huenda isicheze. Sababu ni kwamba faili ya aina ya MP4 ina sehemu inayoitwa moov, ambayo ni ramani ya sauti yote iliyomo, na MediaRecorder huimalizia pale stop() inapoitwa. Kurekodi kukikatika kabla ya hapo, sauti inaweza kubaki kwenye hifadhi bila ramani. Kwa katibu wa chama hiyo ni saa mbili za mkutano ambazo programu ya kuchezea muziki inasema hazipo.

Una njia mbili. Ya haraka ni kubadili muundo wa faili uwe AAC_ADTS. Humo kila kipande kidogo cha sauti kimebeba kichwa chake, yaani maelezo ya jinsi ya kukisoma, kwa hiyo faili iliyokatika katikati inacheza hadi pale ilipokatikia. Ya pili ndiyo ninayokusihi uipitie hata kama baadaye utarudi kwenye ya kwanza: weka MediaRecorder kando, tumia AudioRecord, pokea sampuli ghafi (vipimo vya sauti visivyobanwa) mwenyewe na uandike faili ya WAV kwa mkono wako. Hapo ndipo nilipoona watu wengi wanavuka kutoka kunakili msimbo hadi kuelewa sauti ni nini ndani ya simu.

AudioRecord inakupa namba tu. Kwa sauti ya kuzungumza chagua sampuli 16,000 kwa sekunde, chaneli moja, biti 16. Kila sampuli ni baiti 2, kwa hiyo sekunde moja ni baiti 32,000 na saa moja ni takriban MB 115. Uliza getMinBufferSize ikupe ukubwa wa chini wa bafa, pale sampuli zinaposubiri kusomwa, kisha tumia mara mbili au nne ya huo. Soma kwenye thredi (mkondo wa kazi ndani ya programu) yake yenyewe, isiyofanya kazi nyingine. Ukichelewa kusoma, bafa inajaa na sampuli zinapotea, na wala huoni kosa popote: unasikia tu neno limekatika.

Faili ya WAV ya kawaida ina kichwa cha baiti 44 kisha namba zenyewe. Ivute kwenye kompyuta na uitazame kwa xxd, amri inayoonyesha baiti za faili kwa heksa, yaani namba za msingi wa 16. Baiti nne za kwanza ni 52 49 46 46, yaani herufi RIFF. Zinazofuata nne ni ukubwa wa faili ukitoa 8. Halafu WAVE, halafu fmt na nafasi moja. Ukihesabu kuanzia sifuri, baiti ya 24 ndiyo inayoanza kasi ya sampuli, na kwa 16,000 utaona 80 3E 00 00. Baiti ya 36 inaanza neno data, na ya 40 inaanza ukubwa wa sauti yenyewe. Zingatia hiyo 80 3E. Elfu kumi na sita kwa heksa ni 3E80, lakini WAV inaandika baiti ndogo kwanza, ilhali writeInt ya Java inaandika kubwa kwanza. Tumia ByteBuffer iliyowekwa LITTLE_ENDIAN. Kasi iliyo kwenye kichwa isipolingana na uliyorekodia, faili itacheza lakini kwa mwendo mwingine: rekodi kwa 16,000, andika 44,100, na mzee wa miaka sabini atasikika kama mtoto anayekimbia. Lijaribu kusudi. Ukishalisikia hulisahau.

Uzuri wa WAV ni kwamba ajali inatibika. Wakati wa kurekodi weka sifuri mahali pa ukubwa. Ukimaliza vizuri, rudi ujaze. Programu ikiuawa, basi inapofunguliwa tena ipitie folda yake, itafute faili zenye sifuri pale, ipime urefu halisi, iandike urefu ukitoa 8 kwenye baiti ya 4 na urefu ukitoa 44 kwenye baiti ya 40. Mistari michache ya msimbo, na mkutano wote unarudi. Mwonyeshe mtumiaji ujumbe wazi: rekodi yako ya saa fulani ilikatika, tumeiokoa.

Jambo la pili lenye uzito ni kurekodi skrini ikiwa imezimwa. Hapa ndipo maswali mengi mtandaoni yana majibu ya zamani, kwa hiyo angalia mwaka wa jibu kabla ya kulifuata. Tangu Android 9 ya 2018, programu iliyo nyuma, isiyoonekana kwenye skrini, haipati maikrofoni. Unahitaji huduma ya mbele (foreground service), ile inayobandika arifa ambayo mtumiaji anaiona muda wote. Kuanzia Android 11 huduma hiyo lazima itangazwe kwenye manifesti kuwa ni ya aina ya microphone, na programu inayolenga Android 14 inahitaji pia ruhusa ya FOREGROUND_SERVICE_MICROPHONE. Huduma yenyewe ianzishwe programu ikiwa iko mbele ya macho ya mtumiaji. Android 12 ikaongeza ile alama ya kijani kwenye kona. Wasanidi wengine hulalamikia masharti haya. Mimi nayaunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu simu inayosikiliza kimya kimya mfukoni ni hatari kwa kila mtu, na programu yako ni salama zaidi ikijulikana inafanya nini.

Hata ukifuata yote hayo, simu nyingi za bei nafuu tunazotumia hapa zina msimamizi wa betri anayeua programu skrini ikizimwa. Emuleta, simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, haitakuonyesha jambo hilo kamwe. Ukiweza, pata simu mbili tatu za mitumba, za matoleo tofauti ya Android, na zisiwe zile za kifahari. Ziache zirekodi usiku kucha, skrini imezimwa, waya wa chaji umetolewa. Kisha andika ndani ya programu ukurasa mfupi unaomwonyesha mtumiaji jinsi ya kuiruhusu isibanwe na betri, kwa Kiswahili anachokielewa.

Simu ikiingia je? Kwenye Android 10 na kuendelea, wakati mtu anaongea kwa simu programu yako inaendelea kusoma, ila inachopata ni sifuri tupu. Haipati kosa lolote. Sajili AudioRecordingCallback, ambayo Android huiita hali ya kurekodi ikibadilika, uangalie isClientSilenced, na uweke alama kwenye rekodi kwamba hapa maikrofoni ilinyamazishwa. Mwanahabari wangu aliipenda alama hiyo kuliko kitu kingine chochote, maana sasa anajua mara moja ni wapi pa kumpigia mhojiwa amuulize tena.

Na kabla hujaanza kurekodi, pima nafasi iliyobaki kwenye hifadhi. Simu ya GB 32 iliyojaa video za makundi ya WhatsApp ni kitu cha kila siku. Mwambie mtumiaji dakika ngapi zinatosha, na nafasi ikikaribia kuisha funga faili vizuri kabla haijakwama.

Ijaribu programu pia mahali watu wanapoishi. Chumba chako tulivu hakitoshi. Nenda nayo kwenye matatu yenye muziki, nenda soko la Gikomba, na ukipata mvua chini ya paa la mabati usiikose. Utajifunza kwamba chanzo cha sauti unachochagua kina maana. MIC mara nyingi inapitia usafishaji wa mtengenezaji wa simu, VOICE_RECOGNITION imelengwa kwa utambuzi wa maneno, na UNPROCESSED, iliyokuja na Android 7.0, inakupa sauti isiyoguswa pale simu inapoikubali. Kwenye mvua ya mabati, hakuna mpangilio utakaoshinda kuisogeza simu karibu na mdomo wa msemaji. Ndiyo maana kipimo cha sauti kwenye skrini ni muhimu. Chukua sampuli kubwa zaidi kwenye bafa, igawe kwa 32,767, chukua logi ya kumi, zidisha kwa 20. Sifuri ni ukomo wa juu, na sampuli iliyo nusu ya 32,767 ni takriban desibeli 6 chini yake. Chora mstari kwa desibeli na utaenda pamoja na sikio. Ukiuchora kwa namba ghafi utalala chini muda mwingi, na mtu atadhani harekodi.

Kubana ni kazi ya mwisho. Rekodi WAV, ikiisha salama igeuze kuwa AAC, muundo wa sauti iliyobanwa, ya kilobiti 32 kwa sekunde kwa kutumia MediaCodec ya Android, na saa moja itashuka kutoka MB 115 hadi kama MB 14. Kwa mtu anayenunua bando la siku, hiyo ndiyo tofauti ya kutuma rekodi na kutoituma. Usifute WAV kabla hujahakikisha faili mpya inafunguka.

Kuhusu sheria, usiliache mpaka mwisho. Katiba yetu ya 2010 inalinda faragha katika ibara ya 31, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu sauti ya mtu anayetambulika kama inavyohusu jina lake. Hifadhi rekodi ndani ya simu, usipakie popote bila mtumiaji kuamua, na sera ya faragha iandike wewe kwa maneno yako, usiinakili. Wapo watakaokuomba uongeze kurekodi mazungumzo ya simu. Kataa. Google Play ilizuia tangu Mei 2022 programu zinazotumia njia ya huduma za ufikivu (zilizowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu) kufanya hivyo, na hata bila marufuku hiyo, mtu wa upande wa pili hajakubali.

Kuchapisha Google Play kunagharimu dola 25 mara moja tu, na akaunti mpya za binafsi hutakiwa kwanza kuwa na wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo. Anza kuwatafuta mapema kwa watu wanaorekodi kweli: makatibu wa vyama, walimu, wanakwaya.

Kwa kusoma, nyaraka rasmi za developer.android.com zinatosha, pamoja na msimbo wa programu huria za kurekodi zilizo F-Droid, duka la programu huria za Android. Soma jinsi wanavyofunga faili na jinsi wanavyoendesha huduma, skrini zao ziruke.

Ukishaandika WAV ya kwanza, bandika hapa kile kipande kinachosoma bafa na baiti 44 za mwanzo kama xxd inavyozionyesha, na useme simu yako ina Android ya toleo gani. Nitapitia mstari kwa mstari.